Mizabibu Yangu ya Bure

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza maisha mapya. Ya kubana matumizi. Nimeunda Kamati ya Matumizi ya nyumba hii. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi. Mke wangu nilimpa nafasi ya mjumbe, akasema ana madaftari hamsini na mawili ya kusahihisha. (Ni mwalimu wa hesabu.) Nimeandika kwamba hakuhudhuria.

Ajenda ya kwanza: zabibu. Mama mkwe, ambaye ni mjane, yuko kwetu tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Analala chumba cha mbele, kwenye dirisha linalotazama barabara. Hamu ya kula imemtoka. Uji hataki. Mchuzi hataki. Mkate anautazama kama mtu aliyemkosea zamani. Kitu kimoja tu kinampita kooni: zabibu. Na zabibu siku hizi zinauzwa kama vito!

Nikatangaza mezani. Kuanzia leo hatununui zabibu. Tutaotesha zetu wenyewe, kwa vijiti, bure. Mke wangu akaweka kalamu nyekundu chini. Akauliza mzabibu unachukua muda gani kuzaa. Nikamwambia hayo ni maswali ya watu waliokata tamaa.

Jumatano, 5 Juni

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mgane, mstaafu wa bendi. Alipuliza tarumbeta miaka thelathini, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Tarumbeta. Ana mizabibu miwili. Wa mbele ameshauvuna. Wa nyuma umejaa vichala mpaka kichanja kimepinda mgongo.

Mchoyo! Mwaka jana nilichuma punje moja iliyoning'inia upande wangu wa ukuta. Moja! Akakohoa. Kikohozi cha mpuliza tarumbeta si kikohozi cha kawaida. Niliimeza na mbegu zake.

Nimepata habari kwamba Jumamosi anaupogoa ule wa mbele. Mpango: nitajitolea kubeba takataka. Takataka za mjinga ni shamba la mwerevu. (Methali yangu mwenyewe. Inafaa ienee.)

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Mzigo mzima wa vijiti, na yeye ndiye aliyenishukuru!

Palikuwa na dakika moja ya hatari. Aliniona navichambua badala ya kuvitupa, akatambua. Akaanza kunipa somo. Akasema, "Jirani, ukikata kijiti angalia sana, upande wa juu—" Nikamkata kauli. Nikamwambia mimi ni fundi miwani, kuona ndiyo kazi yangu. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Akauliza mgonjwa wetu anaendeleaje. Nikamwambia akitaka kujua aende akamwone mwenyewe, mimi nina shughuli.

Nimekata vijiti ishirini na vinne, kila kimoja urefu wa mkono toka kiwiko, macho ya kuchipulia manne manne. Nimevisawazisha ncha zote mbili vikalingana kama askari kwenye gwaride. Cha ishirini na tano kilikuwa kibete kimepinda. Nimekitupa nje ya dirisha la mama mkwe. Kamati haifugi vilema.

Jumapili, 9 Juni

Nimepanda. Hakuna hata chombo kimoja kilichonunuliwa! Makopo ya rangi kumi na mawili. Buti la mvua la kushoto (la kulia lilipotea, hivyo hili lilikuwa linakaa bure). Birika lisilo na mdomo. Bakuli la mke wangu la kukandia unga, ambalo lina nafasi ya vijiti sita vikikaa kwa adabu. Udongo nimeuchimba kwenye shimo la taka za jikoni. Mweusi, mzito, una kila kitu ndani yake.

Kuhusu dawa ya kuotesha mizizi: madukani ipo, lakini Kamati haiendi madukani. Nilisikia mahali kwamba asali inafanya kazi hiyo hiyo. Nimechovya vijiti vyote kwenye asali ya mama mkwe ya kikohozi. Alikuwa anaitumia kidogo tu.

Vyombo vyote viko barazani, nje ya chumba chake. Atapata faraja kuviona.

Jumanne, 11 Juni

Sisimizi.

Walitoka uani, wakapanda buti, wakaonja, wakaitana. Kisha wakapita chini ya mlango kwa mstari mmoja, wenye nidhamu kuliko darasa lolote la mke wangu, moja kwa moja hadi kitandani kwa mama mkwe, ambako chupa ya asali ilikuwa imeachwa wazi. (Na nani, haijathibitishwa.)

Mimi nilikuwa kazini. Kumbe Tarumbeta alikuwa amekuja kumjulia hali. Ndiye aliyemwinua mgonjwa, akamkalisha kwenye kiti, akapiga vita na wale wadudu kwa kandambili. Mke wangu anasema mama yake alicheka hadi akashika mshono. Kicheko cha kwanza tangu upasuaji!

Nimeandika kwenye kumbukumbu za Kamati: mradi umeanza kuzaa matunda.

Alhamisi, 13 Juni

Nimevipeleka vijiti kibandani kwangu kuviosha asali. Nimevilowesha kwenye beseni la kuoshea vioo vya miwani. Mshona viatu wa jirani akauliza kama nimeanza kuuza kuni. Wivu.

Mchana alirudi mama mmoja niliyemkazia skrubu za miwani asubuhi. Akasema akiivaa anasikia harufu ya kinamasi. Nikamweleza kwamba pua ni jambo la daktari mwingine. Akaniachia miwani mezani na kunitazama bila miwani, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa baya zaidi.

Jioni nimevirudisha vijiti ardhini. Kila asubuhi navichomoa kuangalia kama mizizi imetoka. Bado. Subira huvuta heri. Kesho nitachomoa mara mbili.

Jumanne, 18 Juni

Kamati imepiga hatua. Maji ya kuogea hayamwagwi tena. Mtu anasimama ndani ya karai, akimaliza maji yanakwenda kwa mizabibu. Mke wangu ameuliza bakuli lake la unga liko wapi. Nimemwambia liko kwenye huduma ya taifa.

Mama mkwe ananenepa! Mashavu yamerudi. Nasema ni matumaini. Kila siku anaviona vijiti vyangu, moyo unachangamka, tumbo linafuata. Jana aliniomba nimnyooshee fremu ya miwani ili "aone vizuri saa za alasiri." Nimeinyoosha bure. Ameanza pia kuchana nywele na kujipaka manukato.

Jambo moja la ajabu. Chini ya kitanda chake nimekuta sahani yenye vikonyo na mbegu za zabibu. Mbichi kabisa! Nikamkabili mke wangu: nani anavunja amri ya Kamati? Akaapa hajanunua hata punje. Na mke wangu hasemi uongo, hana muda huo. Nimehitimisha kwamba ni mbegu za zamani zilizohifadhiwa vizuri na baridi ya sakafu.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ngumu. Nitaandika haraka.

Amekuja shemeji, mdogo wake mke wangu, anayefanya kazi kwenye bustani ya miche. Alipita barazani, akasimama. Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Shemeji, kwani hii miti umeipanda kichwa chini miguu juu?"

Vyote. Ishirini na vinne. Macho yote yanatazama ardhini kama wanafunzi walioitwa ofisini.

Nikamjibu kwamba ni jaribio. Kwamba wengine tunapenda kuuliza maswali ambayo sayansi inayaogopa. Akasema sayansi iliyajibu zamani. Akaniambia pia kwamba mzabibu, hata ukipandwa na mtu mwenye akili timamu, huzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mitatu! Mke wangu alikuwa mlangoni. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha.

Nimevigeuza vyote. Sasa kila kijiti kina mizizi ya uwezekano pande zote mbili. Ukitazama vizuri, niko mbele ya wenzangu.

Jumapili, 30 Juni

LIMECHIPUKA!

Kopo namba saba! Majani mawili, ya kijani, manene, yameviringana kama mikono ya mtoto! Nimepiga kelele hadi mke wangu akatoka bafuni ndani ya karai. Siku nane tu tangu kuvigeuza! Hata wenye mashamba hawapati kasi hiyo.

Nimemwambia mshona viatu. Nimemwambia yule mama wa miwani, ambaye hakuuliza. Nimemwita Tarumbeta kwa juu ya ukuta, nikamwambia Jumapili ijayo saa kumi aje aone mwanafunzi anavyompita mwalimu. Akasema atakuja, maana saa kumi huwa yuko kwetu. Sikumwelewa, lakini nilikuwa na furaha mno kuuliza.

Jumapili, 7 Julai

Walikuja wote, hata shemeji. Niliweka kopo namba saba mezani, juu ya kitambaa. Mti umeshafika urefu wa kiganja. Nikatoa hotuba fupi kuhusu uvumilivu.

Shemeji akasema, "Hilo ni haragwe."

Nikacheka. Akalivuta kidogo kwa vidole viwili. Likatoka na haragwe lake chini, limepasuka katikati, la juzi tu, la shimo la taka za jikoni kwetu. Kijiti changu kilibaki pale pembeni, kikavu, kama mgeni ambaye hajatambulishwa.

Tarumbeta hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alitoa mfuko aliokuja nao, akamimina zabibu kwenye bakuli, akalisogeza kwa mama mkwe kama mtu anayejua mahali pake. Ndipo yakatoka yote. Anamletea kila alasiri! Tangu siku ile niliyomwambia aende akamwone mwenyewe! Na chini ya dirisha mama mkwe ana mzabibu wake, majani matatu, kile kijiti kibete nilichokitupa. Alimwomba Tarumbeta amchomekee ardhini. Upande wa juu ukiwa juu.

Wageni walipoondoka mke wangu alifunga mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. Aliniambia mama yake alikuwa anayeyuka mbele ya macho yetu na mimi nilikuwa nahesabu vijiti. Akasema, "Asingekuwa yule mzee, leo tungekuwa tunalia." Kisha akaniomba bakuli lake la unga.

Nimeng'oa vijiti vilivyokuwamo, nimeliosha mara tatu, nimempelekea. Nikamwomba radhi. (Haijawahi kutokea. Nimeiandika ibaki kwenye kumbukumbu.)

Jumamosi, 13 Julai

Mama mkwe ametuita sebuleni. Alikuja kwa miguu yake, na fimbo moja tu! Tarumbeta alikuwa amevaa tai. Nikajua kuna jambo. Mtu havai tai kuvuka ukuta.

Mama mkwe akasema, "Wanangu, mimi na jirani tumekubaliana. Tunaoana."

Shemeji akapiga vigelegele. Mke wangu akalia, akacheka, akalia tena. Mimi nilibaki na kikombe hewani. Mama mkwe akanigeukia. Akasema, "Mkwe wangu, uliahidi utanipatia zabibu. Basi umenipatia, na mwenye zabibu juu." Akanishika mkono. Miwani yangu ikaingia ukungu. Ni vumbi la barazani, lile la makopo.

Usiku nimetafakari kwa kina. Ni nani aliyemtuma Tarumbeta kwa mgonjwa? Mimi. Ni nani aliyekitupa kijiti mahali panapofaa? Mimi. Sasa ninaye baba mkwe, na baba mkwe ana kichanja kilichojaa, na hakuna baba mkwe anayemkoholea mkwe wake. Zabibu za bure maisha yangu yote! Mpango umekwenda kama nilivyoupanga, isipokuwa sehemu nilizozipanga.

Kamati imejipongeza kwa kauli moja.

Jumamosi, 20 Julai

Mayai.

Sijui kwa nini sikuliona mapema. Tunanunua mayai kila wiki! Kuku wanauzwa kama vito! Wakati yai ni kuku aliyesinzia tu, anayehitaji joto. Na joto la mwili wa binadamu ni la nani? La mwenyewe. Bure. Mchana kutwa linapotea hewani.

Mayai sita, ya dukani, yamefungwa kiunoni kwa shali ya mke wangu, chini ya shati. Siku ishirini na moja, vifaranga sita. Kufikia mwakani, mia mbili. Nimepiga hesabu mwenyewe, sikumsumbua mwalimu. Muuza mayai alijaribu kunieleza jambo kuhusu mayai ya dukani na jogoo. Nikamwambia anipe chenji yangu.

Natembea kwa hadhi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wahenga hawakuwa wanaatamia. Leo siinami.

Ndugu zake Tarumbeta wanakuja leo kujitambulisha kwetu rasmi. Wenzake wa bendi pia, watu wanene wenye vifua vipana, kumi na wanne kwa mujibu wa mama mkwe. Anasema ni ukoo wa watu wa kukumbatiana sana.

Wanabisha hodi. Wacha niwe wa kwanza kuwapokea.