Mkopo wa Kugeuka Wafika Ilagala

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu, Ndugu Makamu wa Katibu ambaye kiti chake nimekikalia, ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, wazee, kina mama wa kuanika dagaa, wananchi watukufu wa Ilagala, nawasalimu kwa niaba ya kamati ambayo mimi ni mjumbe wake mchapakazi kuliko wote. (Makofi.)

Mimi Telesphory, Ofisa Msaidizi wa Plani na Fedha za Uvuvi, nimekuja mwenyewe kuwafafanulia namna kampuni ndogo ya kijiji kama yenu inavyojipatia kapitali ya boti ya injini. Kitaalamu njia ni mbili. Mkopo wa kawaida: mnakopa, mnalipa, boti inabaki yenu. Wa pili, ambao ni utafiti wangu binafsi, ni mkopo wa kugeuka: hamlipi hata senti, ila mwaka wa tatu deni linageuka hisa, na kamati inamiliki boti pamoja nanyi, asilimia sitini tu. (Minong'ono.)

Najua barua yangu ilisomwa haraka, mkasikia mkopo wa migebuka, mkaleta ofisini matenga tisa ya samaki hao, migebuka mikavu. Kosa hilo kamati ililipokea kwa moyo mkunjufu, ikalimaliza kwa siku nne. (Kicheko kirefu.)

Sasa Mama Mwanvua, mwenyekiti wa kampuni, anauliza hiyo asilimia sitini ni upande gani wa boti, maana anataka kujua nani atashika usukani. Mama, hilo ni la kiufundi. Tena anakataa kuuza mitumbwi yenu miwili kama nilivyoagiza, eti ndiyo inayolisha kaya kumi na nane. Mama huyu namheshimu, lakini ananiharibia takwimu, kwani kwa hesabu zangu uvuvi umeshaongezeka asilimia mia mbili tangu nianze kuongea. (Makofi ya mtu mmoja.)

Haya, chagueni. Wanaotaka deni? (Hakuna mkono.) Wanaotaka hisa? (Hakuna mkono.) Wanaobaki na mitumbwi ya Mama Mwanvua? (Mikono yote, na wa Makamu wa Katibu.)

Safi! Uvivu? (Zii!) Unyonyaji? (Zii!) Nawashukuru mno, tena mmenitua mzigo, maana hela za boti hatujaziomba popote, na boti yenyewe niliichora Jumapili, mvua iliponizuia kutoka. Mama Mwanvua, mtumbwi wenu ukienda Kigoma, naomba nafasi.