Wezi Wawili wa Kona ya Tanuri

Jumatatu, 9 Juni

Nimekalia meno. Si yangu. Ya mwalimu mkuu mstaafu, seti ya juu, kazi ya siku tisa ya fundi wetu. Utaratibu wa karakana yetu ya meno unajulikana: meno ya bandia hulazwa kwenye pamba yenye maji ndani ya kikopo, kikopo ndani ya sanduku la pikipiki, ndipo nayapeleka kliniki. Hayawekwi mfukoni. Lakini leo sandukuni kulikuwa na viatu vya mke wangu vya kupeleka kwa fundi, na viatu na meno ya mtu havikai pamoja. Hata mimi nina ustaarabu wangu. Nikayatia mfuko wa nyuma wa suruali. Nikapanda pikipiki. Kra! Hata kuwasha sikuwahi.

Vipande nimevitupa chooni. Nikazunguka mtaani saa nzima, nikarudi nikihema. Nikamwambia Madamu, mwenye karakana, kwamba nimevamiwa. Kona ya tanuri la matofali, njia ya kliniki ya kilimani. Watu wawili. Madamu akavaa miwani, akauliza wakoje. Mmoja mrefu, sweta nyekundu. Mwingine mfupi, hana shingo. Yalinitoka tu, kama nasoma mahali. Akauliza jambazi anataka nini na meno ya mwenzie. Nikamwambia, Madamu, siku hizi watu hawachagui.

Kanipa pole na mapumziko ya nusu siku. Nimelala mchana mzima.

Jumanne, 10 Juni

Mambo yamegeuka. Nilitaka huruma tu, nimeletewa ulinzi. Madamu katukusanya sote kati ya meza za nta ya kupangia meno, kasema njia ya kilimani sasa inataka mtu anayeweza kujitetea. Sajini akakohoa.

Huyu Sajini si sajini wa popote. Aliwahi kulinda ghala la magunia matupu kwa miezi mitatu, na mpaka leo akienda kunywa chai anatembea kama anakagua gwaride. Kazi yake ni kukoroga plasta ya kalibu za meno, na imemchosha, namjua. Kasema yeye yuko tayari kuifia njia hiyo. Kuifia! Kwa meno ya watu! Madamu kampenda pale pale. Kasema Ijumaa ataamua. Nikionyesha kwamba naweza kulinda mzigo, nabaki na pikipiki. Nikishindwa, anapewa Sajini, na mimi narudi kwenye plasta.

Nilikaa kwenye plasta miaka miwili. Nilikuwa narudi nyumbani mweupe hadi mtoto wa mwisho ananikimbia. Pikipiki ya Madamu ndiyo inayowapeleka wanangu shule. Ndiyo iliyofanya mke wangu aitwe Mama Pikipiki pale bombani, na jina hilo analipenda kuliko langu.

Nimechukua panga la nyumbani. Mke wangu kauliza la nini. La usalama, nikasema. Kasema usalama wake yeye ni kuni, nilirudishe kabla ya saa kumi.

Jumatano, 11 Juni

Panga halifai. Nililifunga kiunoni juu ya koti ili lionekane, maana silaha isiyoonekana inamtisha nani? Nikaingia kituo cha mafuta. Mtu mwenye kioo cheusi cha helmeti usoni na panga kiunoni haulizwi anataka lita ngapi. Anakimbiwa. Mhudumu kaniachia mpira wa mafuta mkononi na kujifungia chooni. Nikamwita kwa upole. Upole ndio uliomtisha zaidi, nadhani. Nimesukuma pikipiki hadi kituo cha pili.

Mchana nimejaribu rungu. Nimelificha ndani ya mkono wa kushoto wa koti. Wazo zuri sana, isipokuwa kiwiko hakikunjiki. Pikipiki ikanyooka. Barabara ikakata kona. Nimeingia kwenye meza ya muuza kabichi na kutokea upande wa pili. Kaniuliza kama baba yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha, au nilijifunza kwa barua.

Jambo jingine, na hili naliandika hapa tu. Leo nimependa mno vioo vya pembeni. Kilomita sita nzima natazama nyuma kuliko mbele. Kila sweta nyekundu inanishtua. Nimeona tatu, moja imevaliwa na bibi kizee. Pale kona ya tanuri nimepita kwa gia ya mwisho, kichwa chini. Ni kweli niliwatunga mwenyewe. Lakini wao wanajua?

Alhamisi, 12 Juni

Usingizi haukuja. Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Kanisikiliza mpaka mwisho, kacheka mpaka kavua miwani ya kazi. Kasema, shemeji, wewe una mikono miwili na yote imeajiriwa. Mmoja uko kwenye klachi, mwingine kwenye mafuta na breki. Jambazi akija utamwomba akushikie usukani?

Maneno ya mtu mwenye akili. Silaha ya pikipiki isiguse mkono!

Tumetengeneza. Bomba la kupulizia dawa ya mboga, limejazwa upepo, limefungwa chini ya sanduku, mdomo unatazama nyuma. Kamba inatoka kwenye bomba hadi goti langu la kulia. Nikitanua goti, yanatoka maji ya pilipili. Nusu kilo ya pilipili ya unga imeingia humo. Tumejaribu uani: mita nne, moja kwa moja ukutani kwa jirani. Paka wake hajaonekana tangu hapo. Mke wangu anapiga chafya toka adhuhuri na anasema nilipozaliwa mkunga alikuwa anaongea na simu.

Shemeji kaniuliza upepo ukitoka nyuma itakuwaje. Nikamwambia asitie mkosi.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa jicho moja.

Asubuhi Madamu kanikabidhi meno mapya ya mwalimu mkuu, fundi kayafanya kwa haraka. Kanitazama kama mtu anayeagana na askari. Hakuniambia kwamba nyuma yangu atamtuma Sajini, kwa pikipiki ya kuazima, akaone nitakavyojilinda.

Nimefika mteremko wa tanuri. Kiooni nikaona pikipiki. Inakuja kasi, honi mfululizo, dereva kajifunga kitambaa usoni, anapunga mkono. Nikaongeza mafuta. Naye akaongeza. Akapiga kelele nisimame. Sasa najua alitaka kuniambia kwamba mfuniko wa sanduku umefunguka. Wakati ule nilijua jambo moja tu. Nikatanua goti.

Lazima niseme, chombo kilifanya kazi. Sajini aliipata pilipili yote, kifuani na machoni. Kilichoniponza ni kwamba nilifunua kioo cha helmeti na kugeuka nipate kuona vizuri. Na upepo ulikuwa unatoka nyuma.

Tukaangukia wote wawili kwenye lundo la udongo wa matofali. Laini, namshukuru Mungu. Nikasikia miguu inakuja. Nikafumbua jicho kidogo, nikaona wekundu. Sweta! Na kando yake mtu mfupi, kichwa kimekaa mabegani moja kwa moja. Nikapiga ukelele kwamba wezi ndio hao, washikeni. Sajini, kipofu kama mimi, akasema asiogope mtu, ameshamkamata mmoja. Alikuwa amenikamata mguu.

Ukelele ule si kitu cha kuchezea. Watu wa njiani wakaanza kusogea. Mwenye baiskeli mmoja akaegesha baiskeli yake taratibu, akainama, akaokota jiwe. Yule mrefu hakukimbia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, mwizi ni nani hapa. Yule mfupi alikuwa na dumu la maji. Kasema maji yapo, tena ya baridi, ila kwanza aambiwe ameiba nini na siku gani. Maana mwaka mzima wao wanafyatua matofali hapo, mimi napita, wao wananipungia mkono, mimi nawajibu kwa honi.

Ndipo nikajua niliwatoa wapi.

Nikatazama lile jiwe. Lilikuwa jiwe kubwa. Nikasema yote. Viatu, mfuko wa nyuma, kra. Niliyasema haraka kuliko uongo wowote niliowahi kusema, nikarudia mara mbili ili mwenye baiskeli asikie. Akanitazama mimi sasa, akalipima jiwe mkononi, kisha akaliweka chini na kwenda zake akitikisa kichwa.

Nataka ijulikane kwamba nilisema kwa sababu ya jiwe. Maji yalikuwa sababu ya pili. Au ya kwanza. Macho yalikuwa yanaungua sana.

Yule mfupi katuosha wote wawili kwa mkono wake, kama anaosha watoto. Meno ya mwalimu mkuu yalikuwa salama kwenye pamba. Kayapeleka yule mrefu, kwa miguu, hadi kilimani.

Jumamosi, 14 Juni

Madamu kanichukua kwa mkono hadi tanurini kuomba radhi. Nimeomba. Yule mrefu kasema yamekwisha, ila niache kuitangaza sweta, ameifuma mama yake. Yule mfupi kauliza, bila hasira, kama ni kweli hana shingo. Madamu kamtazama mbele, kamtazama pembeni, kasema anayo.

Funguo kapewa Sajini. Macho yake yamevimba kama nyanya, lakini alizipokea kwa saluti. Mimi asubuhi plasta, mchana napeleka meno ya zahanati ya mtaa wa pili. Kwa miguu. Madamu kasema angenifukuza, ila anaogopa nitakachowatungia watu nikikosa shughuli.

Mke wangu hakugomba. Kaniwekea maji ya kuoga nje, kama zile siku za plasta, na kuingia ndani. Afadhali angegomba.

Jumatatu, 16 Juni

Mtu mpya. Ndivyo nilivyoamka. Nimewasindikiza watoto shule kwa miguu, tumechelewa kidogo tu. Nimekoroga plasta bila kinyongo. Saa nane nimepewa kikopo kimoja cha meno, mitaa miwili, nyoosha, kushoto.

Njiani mchora mabango alikuwa anaandika jina la duka ukutani. Kafika katikati, nafasi inamwishia, herufi bado nyingi. Mtu na akili zake anaondokaje hapo? Nimesimama hadi mwisho. Kazipanga zilizobaki kwenda chini, kama ngazi.

Nimerudi karakana baada ya saa nzima. Madamu mlangoni. Kauliza nilikuwa wapi. Ukweli ulikuwa tayari mdomoni, naapa, niliuhisi kwenye ulimi.

Nikasema mbwa.

Kauliza wangapi. Wanne, nikasema. Mkubwa wao ana doa jeupe jichoni. Madamu kavua miwani, kisha kaingia ndani. Nadhani amenionea huruma.

Jioni nimerudi nyumbani kwa kuambaa na kuta. Nimemwona mmoja, kalala kivulini mbele ya kinyozi, anajifanya kasinzia. Jicho sikuliona. Kalilalia makusudi. Kesho alfajiri nampitia shemeji.