Jina la Bibi, Sabuni ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Semina ya wajasiriamali vijana. Ukumbi wa ghorofa ya pili, viti vya plastiki, feni moja inayopulizia upande wa wengine. Nilifika wa kwanza, nikakaa mstari wa mbele. Dada alifika wa mwisho, na mtu akasogeza kiti chake ili Dada akae mbele yangu.

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Dada ni binti wa mama mkubwa. Anatengeneza sabuni ya maji inayoitwa Bi Kipepeo. Mimi natengeneza sabuni ya maji inayoitwa Sabuni Safi Bora. Mimi nina shahada ya kemia. Yeye ana wateja.

Mkufunzi alisema wazo lililo kichwani halilindwi na mtu yeyote. Mpaka lishike umbo. Jina la bidhaa husajiliwa kama alama ya biashara, na anayewahi kupeleka ombi huwa na nguvu. Kanuni ya mchanganyiko ni siri ya biashara, na hubaki siri kwa muda ule tu ambao mwenyewe amefunga mdomo. Halafu akaingia kwenye hakimiliki ya michoro. Hiyo sikuisikiliza. Nilikuwa namtazama Dada akiandika. Ana kalamu ya wino wa kijani. Mtu mzima, wino wa kijani.

Mwishoni akasimama mwenye duka kubwa la vifaa vya nyumbani. Ana nafasi kwenye rafu kwa sabuni moja ya vijana. Moja tu. Zamani aliuza dawa ya viatu, wakatokea watu wawili wenye dawa ya jina lilelile, wakagombana mlangoni kwake mpaka wateja wakaondoka. Kwa hiyo anataka uthibitisho kwamba ombi la jina limepokelewa, kabla ya wiki ijayo kwisha. Aliyasema haya kwa ukumbi mzima. Kisha akamtazama Dada na kutabasamu.

Sina wivu. Wivu ni hisia. Mimi nilikuwa naangalia tu.

Rafu ile ni yangu. Nikiikosa, narudi kufundisha hesabu watoto wa jirani, na mmoja wao hung'ata.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na siri ya biashara. Nimefunga mapazia ya jikoni. Nimebandua karatasi za majina kwenye madumu yote ili mpelelezi asijue kilichomo. Saa moja baadaye na mimi nikawa sijui kilichomo. Nimenusa dumu baada ya dumu. Macho bado yanawasha.

Nikamwita Mama, nikamkalisha, nikamweleza kwamba kuanzia leo kanuni ya sabuni yangu asiitaje kwa yeyote, hata kwa dada yake. Mama akauliza ni kanuni ipi, ile ya maganda ya limau? Nikasema ndiyo, na ashushe sauti. Akasema mbona hiyo ameshawaeleza akina mama wote wa bombani, tena bure, na hakuna aliyeitaka. Wanasema haitoi povu.

Nikamweleza kwa utulivu kwamba povu halisafishi. Povu ni maonyesho tu. Mama akasema sawa mwanangu, lakini mtu akiosha sahani anataka aone kitu kinatokea.

Mama anaoshea vyombo sabuni ya Dada. Nimeikuta chupa nyuma ya ndoo, imefunikwa kitambaa. Imefichwa nisiione. Ina kipepeo kwenye lebo, mabawa wazi, ananitazama.

Kipepeo huyo nilimchora mimi. Mwaka jana, hapa mezani, Dada akinisihi. Mchoro wa nusu saa. Akanishukuru sana na kuniletea ndoo ya sabuni. Sasa watu wanasema sabuni ya Dada inapendeza hata kabla ya kufunguliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya usajili. Benchi la mbao, foleni ndefu, tangazo ukutani linalokataza kuegemea ukuta, na alama za migongo chini yake.

Afisa ni bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikampa jina langu: Sabuni Safi Bora. Akalisoma. Akaniuliza bidhaa yenyewe ni nini. Nikasema sabuni. Akauliza ikoje. Nikasema safi, tena bora. Akavua miwani. Akasema ndiyo shida yake, dada yangu: jina linaloieleza bidhaa tu haliwezi kuwa la mtu mmoja. Nikipewa mimi neno safi, wengine wote watauza nini, sabuni chafu? Akacheka peke yake. Mtu wa nyuma yangu naye akacheka, na halikumhusu.

Akanipa moyo. Nitafute jina la kipekee, lisiloeleza kitu, mteja alikumbuke. Hata hapohapo, fomu ninayo, ada ninayo. Mfano, alisema, kuna sabuni moja mke wake anaipenda sana, sijui Bi Kipepeo. Hilo ndilo jina.

Nilibaki na kalamu mkononi. Nilijaribu kutafuta jina. Naapa nilijaribu. Kila nilipofumba macho nikaona mabawa.

Nikaandika Bi Kipepeo.

Afisa akavaa tena miwani, akanitazama juu yake. Akauliza kama ni mimi ninayeitengeneza. Nikasema ni ya familia. Huo si uongo. Bi Kipepeo ni jina la utani la bibi yetu mzaa mama, kwa kuwa tangu ujana hakai mahali pamoja. Bibi yake ni bibi yangu. Akauliza je, kuna mchoro wa kuambatanisha, akaongeza kwamba aliyechora ana haki yake hata bila kusajili chochote. Nikamwambia achana na mchoro, ni mambo ya kitoto. Nilitaka jina.

Ada yangu yote, akiba ya mwaka, imekwenda. Ombi limegongwa mhuri. Sauti ya mhuri ule ni tamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Dada kuona mtu asiyejua kwamba amekwisha.

Anafanyia kazi kibarazani. Mapipa mawili, mwiko mrefu kama kasia, chupa zimepangwa juani zikauke. Wateja wanne wanasubiri na kupiga soga, hakuna aliyeudhika. Kwangu mteja akija huuliza kwanza kama Mama yupo.

Akanikumbatia na glovu zake za mpira. Mdogo wangu, umekonda, umekula? Akanipa kiti chenye mto. Akawaambia wateja huyu ndiye msomi wetu, huyu ndiye aliyechora kipepeo. Mama mmoja mwenye kikapu akasema kumbe, mkono una baraka huo. Ningeweza kufurahi. Lakini Dada aliyasema kwa sauti nzuri mno, kama mtu anayegawa kitu alicho nacho tele.

Akasema Jumatatu anakwenda kusajili jina. Nikamshauri asiwe na haraka. Nikamwambia kule foleni ni ndefu, na ukuta hauegemeki. Akanishukuru kwa kumjali.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, nisikutane na wateja wake. Ni jua tu, njia ile ina kivuli. Nimekunywa maji.

Jumatatu, 10 Machi

Simu ya Dada, mchana. Sikupokea. Simu ya Dada tena. Nikaiweka simu ndani ya pipa la unga. Ikaendelea kutetemeka humo, na Mama akaja kuuliza unga una nini.

Jioni akapiga mwenye duka. Amepata habari kwamba jina la Bi Kipepeo limeombewa na mimi. Amefurahi. Nimpelekee chupa za mfano, zile zenye povu.

Sikulifikiria hilo. Nina jina, sina sabuni. Yaani ninayo, ila nimemimina yangu kwenye chupa ya Bi Kipepeo, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, na ikakaa kimya kama mtu aliyesemwa vibaya. Nimeongeza maji. Nimeongeza chumvi. Imekuwa nzito, ikagoma kutoka kwenye chupa.

Mama ameingia kuniambia Bibi anatuita wote Jumatano. Dada ameshampa habari.

Jumatano, 12 Machi

Nilijiandaa. Niliandika hotuba kichwani yenye hoja za kisheria na maneno mawili ya Kilatini. Nilivaa viatu vya kisigino ili nimzidi Dada urefu.

Sebule ya Bibi. Mkeka, redio imezimwa, jambo ambalo si la kawaida. Mama mkubwa upande mmoja, Mama upande wa pili, Dada katikati, macho mekundu. Nikafungua mdomo nianze hotuba. Dada akaniwahi. Akanirukia shingoni.

Akasema alipofika ofisini akaambiwa jina limeshaombewa, akakaa chini palepale. Alidhani ni mwizi. Kisha akamsihi afisa amtajie mwombaji, akasikia jina langu, akalia mbele za watu kwa furaha. Mdogo wake amemwahi mwizi. Mdogo wake ametumia akiba yake mwenyewe, kimyakimya, bila hata kujisifu. Ndiyo maana hata simu hakupokea, alisema, hapendi kushukuriwa.

Mama mkubwa akapiga kigelegele. Mama akanitazama kwa fahari, na hapo ndipo paliponiuma, kwa sababu mtazamo huo nimeusubiri tangu mahafali.

Nikainamisha kichwa. Nikasema si kitu.

Bibi hakupiga kigelegele. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika. Akaniuliza, mke mwenzangu, ulipokuwa unamlindia dada yako jina, mbona hukumpigia simu umwambie? Nikasema mtandao ulisumbua. Akasema ajabu, yeye wiki nzima ameongea na ndugu zake wote na mtandao ulikuwa mzuri.

Kisha Bibi akageuka. Akasema kwanza nyinyi wote wawili hamna adabu. Kipepeo ni yeye. Mmoja ameuza jina lake, wa pili amelipeleka serikalini, na mwenyewe hajaulizwa hata kwa salamu. Anataka kuulizwa. Tukapiga magoti tukamuuliza. Akasema atafikiri. Akafikiri mpaka chai ikapoa. Akakubali kwa sharti kwamba hatanunua tena sabuni maisha yake, na kwamba ombi lihamishiwe kwa anayeikoroga.

Wakati wa kuaga alinishika mkono akaninong'oneza. Tangu nikiwa mdogo, alisema, nikipewa embe kubwa, nilikuwa nalipima kwanza na la mwenzangu, mpaka nzi wanalianza wao.

Nimelitafakari sana njiani. Nina hakika la Dada lilikuwa kubwa zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Ofisi ya usajili, mimi na Dada na Bibi. Bibi amesaini ridhaa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na kumuuliza afisa kwa nini anafunga miwani kwa uzi na mke yupo. Mimi nimesaini kulihamisha ombi. Hakuna mhuri wenye sauti mbaya kama ule.

Mwenye duka amechukua sabuni ya Dada. Rafu ni ya Bi Kipepeo. Mtoto anayeng'ata anaanza masomo Jumatatu.

Nikadhani imekwisha. Nje kwenye ngazi Dada akatoa karatasi iliyochapwa, yenye sahihi yake ya wino wa kijani. Amenirudishia ada yangu. Halafu kuna makubaliano. Anasema kule semina alisikia kwamba mchoro ni mali ya aliyeuchora tangu siku alipouchora, akaona aibu, kwa kuwa yeye alinilipa ndoo moja. Kwa hiyo kuanzia sasa, kila chupa itakayouzwa yenye kipepeo, nina fungu langu. Na jina langu litaandikwa pembeni ya bawa.

Kwa hiyo kile nilichokuwa nacho kihalali, bila foleni, bila ada, bila kuficha simu kwenye unga, kilikuwa kwenye lebo muda wote. Na aliyenionyesha ni yeye.

Nimesaini. Nimeikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Dada akadhani ni furaha akanishika bega. Amenishinda kwenye sabuni, amenishinda kwenye rafu, sasa amenishinda hata kwenye wema, na kwenye wema nilikuwa bado sijaanza kushindana.

Jumapili, 16 Machi

Nimepita dukani. Chupa zimepangwa usawa wa macho. Nilisimama pembeni nikasikiliza. Mteja wa kwanza akasema kipepeo huyu anapendeza. Wa pili akasema tazama mabawa yake. Watu wanapenda mchoro wangu kuliko walivyowahi kupenda sabuni yangu. Nimeuliza fungu langu la siku mbili. Kipepeo ameingiza zaidi kuliko Sabuni Safi Bora mwaka mzima.

Kipepeo yule ananikera. Hana shahada. Hana hata kanuni. Ametanua mabawa tu, dunia ikamsogelea.

Nimerudi nyumbani nikafunga mapazia. Nina jina jipya na sabuni mpya, yenye povu kiasi. Na nina mchoro mpya, bora mara kumi. Jina nimeliandika chini ya mchoro, usajili wake utafuata baadaye, kwanza watu wauone. Nimeshamtumia mchapaji wa lebo, nimeshautuma kwenye kundi la simu la semina, lenye wajasiriamali wote, na kuwauliza waseme kweli kama haumzidi kipepeo. Watatu wameshaomba niwatumie ulio wazi zaidi. Nimewatumia.

Ni ndege. Mdomo mrefu, macho makali. Nimesoma vizuri kabla ya kumchora.

Ni aina ile inayokula vipepeo.