Chujio la Mheshimiwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu ametoa hukumu mezani, chai ikiwa bado ya moto. Maji ya tangi la kobe yananuka. Yasipoacha kunuka kufikia Jumapili, kobe anahamia kwa shemeji, yaani kaka yake, mwenye bwawa la samaki uani na maji safi ya kujitazamia uso. Binti yetu akaacha kula. Kobe huyo wa maji ni wake. Anamwita Mheshimiwa, kwa kuwa hafanyi lolote na bado anahudumiwa. Akanitazama. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake yupo. Mke wangu akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Kobe aende kwa shemeji? Thubutu! Yule mtu ataniringia mpaka kaburini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempigia simu muuza samaki wa mapambo. Akasema bila chujio nitahangaika bure. Nikamshukuru, nikakata. Chujio! Kumbe jambo lenyewe ndilo hilo? Liko jikoni, limetundikwa karibu na birika. Nimechuja tangi zima, kikombe kwa kikombe. Mgongo umekufa. Nikalisuuza, nikalirudisha mahali pake. Mimi si mtu wa ovyo.

Jioni mama mkwe akapita kutujulia hali. Akanywa chai. Akaisifu, akasema ina uzito fulani, akauliza tumebadilisha majani? Binti, ambaye bado hajui siasa, akaeleza. Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Mke wangu amesema mengi. Kati ya hayo: chujio la kobe ni mashine, na inatumia umeme.

Basi si mngesema!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dukani. Muuza samaki akauliza ukubwa wa tangi, kisha akanionyesha dude la kukaa nje ya tangi, lenye mabomba mawili. Akasema kobe si samaki. Anakula majini, anajisaidia majini, kwa hiyo chujio lake liwe la tangi kubwa mara mbili ya alilonalo. Nikacheka moyoni. Mara mbili! Maneno ya biashara hayo. Nikachukua lile dogo la samaki, la kubandika kwenye kioo.

Mheshimiwa alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalipanda, akalikalia. Kabla ya chakula cha mchana likazima. Nilipolifungua nilikuta karoti, majani ya saladi, na kitu kingine ambacho sikukichunguza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepiga hesabu. Kama kosa lilikuwa udogo, dawa ni ukubwa. Tunayo pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa. Nikaifungua, nikaiunganisha na ndoo iliyojaa sponji, nikawasha.

Mheshimiwa akazunguka tangi kwa kasi ambayo ukoo wake haujawahi kuijua. Binti akapiga yowe. Mpira wa pampu ukachomoka, ukalowesha dari, televisheni na shemeji, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kuuliza kesho aje na beseni au ndoo. Nikachomoa waya. Mke wangu akasema akili nyingi huondoa maarifa.

Kobe ni mzima, ila amejificha ndani ya gamba. Binti alimpakata mpaka wakati wa kulala. Hakunisemesha. Limeniuma hilo, kuliko maneno yote ya mama yake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji kaja na beseni. Mke wangu akainama juu ya tangi, akanusa, akanyooka, akampa binti taulo. Binti akamfunga Mheshimiwa kwa taulo, akambusu kichwani, akaanza kumuaga.

Maji yamezidi unga. Nikajisikia nikisema, kwa mdomo wangu huu huu, shemeji, naomba unisaidie. Akafurahi mpaka aibu nikaona mimi. Akasema kuuliza si ujinga. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na lile dude la mabomba mawili. Alilinunua jana, baada ya kujifuta. Akasema alijua tu. Alijua!

Binti akamrukia shingoni. Mimi nilishika bomba, pale nilipoambiwa nishike.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Maji yanang'aa. Harufu hakuna. Mke wangu amefuta hukumu, binti ananisemesha, na jana aliniegemea tukimtazama Mheshimiwa akiogelea. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Leo nimekaa peke yangu mbele ya tangi nikiwaza. Chujio hili linatosha tangi mara mbili. Kobe ni mmoja. Yaani nusu ya mashine inakaa bure, na katika nyumba nzima hakuna aliyeona ufujaji huu isipokuwa mimi!

Nimerudi dukani kuchukua kobe wa pili. Muuza samaki akataka kunieleza jambo fulani kuhusu uchafu, nikamwambia sasa haya mambo nayajua. Alikuwa na wawili waliozoeana. Nikaona si ubinadamu kuwatenganisha.

Wote watatu wamo tangini, wanakula. Mke wangu hajarudi kutoka kazini. Maji yamebadilika rangi kidogo tu.