Kikaragosi Kimoja, Kodi Mara Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Barua ya ofisi ya kodi imefika. Nimeanza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Wanataka kodi ya vikaragosi tulivyouza ng'ambo! Wanunuzi wenyewe, wenye jumba la maonyesho kule, walishakata kodi ya kwao kabla ya kunitumia hela. Sasa na hapa wanadai. Mimi nachonga vichwa, mke wangu anashona nguo, serikali mbili zinakula.

Mwisho Ijumaa. Tukishindwa, itauzwa cherehani ya mke wangu, aliyoinunua kwa jasho lake kabla hatujaoana. Nikiitazama, roho inaniuma.

Mwenyewe hakutikisika. Kasema nchi hizi mbili zina mkataba: ukileta cheti kwamba ulikatwa kule, hapa wanakupunguzia. Tuombe cheti, basi. Anaongea huku anatunga uzi kwenye sindano, hata macho hakuinua. Mwanamke ana kichwa huyu! Lakini njia yenyewe rahisi mno. Siiamini.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia bafuni, povu masikioni. Zawadi! Nitasema hela ile si ya biashara, ni zawadi kutoka kwa wapenzi wa vikaragosi. Si kwangu, mimi wananijua. Kwa mama mkwe. Nani atamtilia shaka mama wa watu, na miwani yake na sauti yake ya upole? Nimejipongeza kwenye kioo. Akili kama hii inapotea bure kwenye mbao.

Nimekwenda kwake, nikakaa ukingoni mwa kiti kwa adabu zote. Baba mkwe alikuwa pembeni na redio yake, kimya kama kawaida. Nikamwomba mama, akiulizwa, aseme hela ya ng'ambo ni zawadi yake. Machozi yakamtoka. Kasema tangu nimuoe binti yake alijua siku moja nitamkumbuka, na paa lake lilivyochakaa.

Nikafungua mdomo. Sasa mkwe unamwambiaje kwamba hajaelewa? Nikaufunga.

Jumatano, 5 Juni

Mama mkwe keshaita fundi wa paa. Keshachagua na rangi ya bati. Kijani. Majirani zake wananishika mkono njiani, eti mkwe wa mfano. Sitadanganya, inapendeza.

Mke wangu kaniuliza mbona mama yake ananimiminia baraka asubuhi yote kwenye simu. Nikasema sijui, labda kaamka vizuri. Kanikazia macho, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisi ya kodi. Mama mkwe kavaa nguo aliyovaa kwenye harusi yetu. Afisa kampa kiti, mimi nikabaki nimesimama. Mama kajibu vizuri ajabu: hela ni zawadi yake, mkwe kamtunzia tu. Nilitaka kupiga makofi.

Afisa akauliza iko wapi sasa. Nikasema benki, kwenye akaunti yangu.

"Basi mkabidhi mama hela yake, yote," akasema taratibu. "Au ni mapato yako ya biashara? Chagua, ndugu yangu."

Mama mkwe akanigeukia, uso umejaa matumaini. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

"Ni mapato yangu," nikasema. "Naomba nikatwe kodi."

Afisa akakiri kwamba ombi la namna hiyo hajawahi kulipata. Mama mkwe akainamisha kichwa, akaanza kukunjakunja ncha ya mtandio wake. Niliona aibu kweli. Ningeweza kuingia chini ya meza.

Mara mke wangu akaingia, cheti mkononi. Alikiomba Jumatatu ileile! Afisa akapiga hesabu, akatoa kilichokatwa kule, kikabaki kidogo tu cha kulipa. Cherehani imepona. Kisha mke wangu akamwinua mama yake.

"Bati utapata, mama. Mume wangu ameahidi, na ahadi yake nailinda mimi."

Kumbe fundi wa paa alishapita nyumbani kwetu kuuliza malipo ya "zawadi ya mkwe", na mke wangu akaelewa kila kitu. Hakunigombeza hata kidogo. Mwanamke huyu ningemwoa tena leo hii, kama angekubali.

Jumamosi, 8 Juni

Fundi yuko juu ya paa, bati linang'aa. Ng'ambo wameagiza vikaragosi vingine, na mke wangu ameshawaandikia watume cheti pamoja na malipo. Hodari!

Ila nimekaa nikafikiri. Zawadi halikuwa wazo baya. Kosa langu lilikuwa kuchagua mtu mwenye maneno. Baba mkwe haongei kabisa, hata salamu huitikia kwa kichwa. Mtu kama huyo hawezi kudai kitu. Nimemnong'oneza mpango wote leo, naye akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Halafu akanishika mkono, akanionyesha kwa kidole pikipiki ya fundi, akatabasamu.