Ukurasa Niliompa Jerotich

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ushirika wetu wa maziwa hapa Ndabibi unatafuta mkuu wa kompyuta. Ni mimi! Nani mwingine? Ijumaa meneja, Mzee Naftaly, atatupima mimi na Jerotich, karani mwenzangu: kuhamisha rekodi zote za wakulima hadi kompyuta mpya, kwa amri za kuandika, bila intaneti. Intaneti hapa hupati hata ukipanda juu ya tangi. Jerotich husoma miongozo mirefu mpaka macho yanakuwa mekundu. Mimi nina siri. Kiprogramu kidogo, nilikipakua nikiwa Nakuru. Unaandika jina la amri, kinakupa mifano michache mifupi, hata bila mtandao. Nachungulia, nafunga, najifanya nimetoa kichwani.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Jerotich amekuja nyuma yangu kimyakimya na kuona kila kitu. Hakunicheka. Aliomba tu nimwekee na yeye. Nilikuwa karibu kukataa, kisha likanijia wazo tamu. Nimekubali! Kurasa zenyewe ni maandishi tu, mtu anaweza kuzibadilisha. Kwenye nakala yake nimefungua ukurasa wa kunakili, nikaitoa amri ya kawaida, cp, nikaweka nyingine, rsync. Sijui inafanya nini. Ila nilimwona fundi mmoja huko Gilgil akitokwa na jasho akiitumia, na hiyo inanitosha.

Jumatano, 5 Machi
Jerotich ameniletea mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kwa shukrani. Chupa nzima. Dhamiri imenisumbua kidogo. Nikanywa, ikatulia.

Ijumaa, 7 Machi
Siku yangu! Nilianza na cp, mbio mbio. Jerotich akaanza na ile sumu yangu. Nilikuwa nimemwacha mbali stima ilipopotea. Kompyuta za ofisi hazina betri. Iliporudi, nililazimika kuanza upya, faili la kwanza kabisa. Ya Jerotich ikaruka yote yaliyokwisha kuhama na kuendelea pale ilipoachia. Akamaliza. Mimi nilikuwa bado kwenye wakulima wa herufi B. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Mzee Naftaly akamuuliza ujanja huo ameutoa wapi. Jerotich, bila aibu, akasema, "Ni Ephantus alinipea hiyo page, mzee. Yake mwenyewe haikuwa poa hivi."

Kisha mzee akasimama na kunishika mkono. Alisema mtu anayempa mpinzani wake kifaa kizuri kuliko chake mwenyewe ndiye kiongozi anayemtafuta. Cheo ni changu! Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilihisi umenipendeza sana.

Jumamosi, 8 Machi
Meza ya dirishani. Kiti kinachozunguka. Jerotich ni msaidizi wangu na amenipongeza kwa moyo mweupe, jambo linalonitia wasiwasi. Hakuna mtu mwema hivyo bila njama. Lazima nimuwahi.

Mzee ameagiza kurasa zangu ziwekwe kwenye kompyuta zote za ushirika, kwa kuwa nina kipaji cha kuziboresha. Ni kweli ninacho! Kufikia saa sita nilikuwa nimebadilisha kumi na mbili. Sijaelewa hata moja.