Sireni Yenye Adabu

Raia wote wa Katoyi, wenye bidon za kuchotea maji na wasio nazo, wanatangaziwa kwamba kuanzia leo hakuna mashini itakayowapigia wakubwa kelele bila kwanza kuwasalimu.

Tangazo hilo aliliandika Bashige Julien, Shefu wa Biro ya Tahadhari kwenye tanki jipya la maji. Alilisoma mara mbili, akajipongeza. Chini yake alikuwa na mfanyakazi mmoja, anjenyeri wa mitambo Micheline, na ordinateri moja yenye programu ya kuchunga pampu. Micheline alikuwa ameipanga hivi: maji yakikaribia mdomo wa tanki, sireni ilie na pampu ijizime yenyewe.

"Ijizime yenyewe?" Bashige alishtuka. "Nani ameiruhusu?"

"Tanki ikijaa, Shefu, imejaa."

"Mama Micheline, hapa mutu hazimi hata balbu bila shefu kujua, sembuse pampu! Na hiyo sireni inapiga kelele mbele ya wakubwa kama mulevi. Ianze na protokole. Isalimie wakubwa mumoja mumoja, na cheo cha kila mutu. Kisha iseme shida yake. Kisha mimi ndiye nitazima."

"Na maji itangoja?"

"Maji ni ya Serikali. Itangoja."

Micheline alicheka puani, akaandika kama alivyoambiwa. Utabishana vipi na mutu aliyevaa koti na tai kwenye jua lile?

Lakini tumwonee huruma kidogo. Bashige alikuwa amemwapia mkewe, Léonie, kwamba siku ya uzinduzi robine ya nyumbani itatoa maji, naye ataacha kupanda kutoka ziwani na bidon mgongoni. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Hilo, na kusikia jina lake kwenye kipaza sauti.

Siku ikafika. Viti vilipangwa chini ya tanki, penye kivuli, Directeri Mukuu Twagirimana akiwa mbele kabisa. Akina mama waliwekwa nyuma ya kamba na bidon zao. Pampu ikawashwa, na tanki likajaa kabla hotuba ya kwanza haijaisha. Sireni ikaanza kwa sauti tamu:

"Muheshimiwa Directeri Mukuu Twagirimana. Muheshimiwa Directeri Mudogo. Muheshimiwa Shefu wa Division ya Mabomba..."

Makofi! Kila aliyetajwa alisimama, akainama. Matone yakamwangukia Directeri. Alitazama juu akitafuta mvua, akaona jua. Hata hivyo hakuna aliyeondoka. Ukiondoka kabla ya kutajwa, umekubali kwamba huna cheo. Ukiondoka baada ya kutajwa, umewadharau wenzako. Koti zikalowa chapachapa. Udongo mweusi ukageuka tope, maji yakaanza kuingia kwenye nyumba ya pampu.

"Papa Rosine!" Léonie, kati ya akina mama, alimpigia mumewe kelele. "Zima ile kitu!"

"Goja kidogo! Haijafika kwangu!"

Maskini wee. Alisimama wima, maji yakimwingia kolani, masikio yake wazi.

"...na mwisho, Muheshimiwa Bashige Julien, Shefu wa Biro ya Tahadhari. Baada ya salamu hizo, tunaomba kuwajulisha kwamba tanki imejaa."

Aliinama, ndipo akakimbilia kitufe. Pampu ilikuwa imeshaungua ndani ya maji, na bila pampu hiyo kuyasukuma, maji ya tanki hayafiki kwenye robine. Katoyi nzima, robine hazikutoa hata tone. Loo, aibu! Alitamani ardhi immeze, tai na vyote.

Maji pekee yaliyobaki mtaani ni yale ambayo akina mama, walioruka kamba mapema, walikuwa wamekinga kwa bidon zao. Directeri, tope magotini, alimwendea Léonie.

"Mama, nipe maji ninawe. Mimi ni Directeri Mu..."

"Najua, Muzee. Tumesikia yote." Alimwonyesha mstari wa majirani wenye vikombe. "Upange pale."

Directeri akaenda kupanga mstari. Mbele yake alisimama Bashige, akitiririka. Alipomwona mkubwa wake, aliruka pembeni. "Pita, Muzee, pita!"

"Papa Rosine!" Léonie alifoka. "Hapa hatupitishe mutu! Wote wawili, nyuma kabisa!"

Wakaenda. Walipofika nyuma, wakaanza kubishana kwa sauti ya chini nani asimame mbele ya mwenzake, na watu wakawa wanawapita.